Filamu nne za kutisha zisizochuja kila msimu wa Halloween

INAPOWADIA Oktoba 31 kila mwaka, mamilioni ya watu nchini Marekani na katika mataifa mengine ya Magharibi huadhimisha Halloween. Watoto huvalia mavazi ya mizuka na kubisha hodi nyumba hadi nyumba wakiomba peremende. Usiku uingiapo, watu wazima hukaa mbele ya runinga kutazama filamu za kutisha.

Desturi hii huhusishwa na Samhain, sherehe ya kale ya Waselti iliyoashiria mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi. Iliaminika kwamba usiku huo mpaka baina ya walio hai na wafu hulegea. Jina Halloween lenyewe linatokana na mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, inayoadhimishwa Novemba 1.

Filamu za kutisha ni nyingi mno, na baadhi zimegharimu mamilioni ya dola. Hata hivyo, zile zinazorejelewa mwaka baada ya mwaka aghalabu ziliundwa kwa fedha kidogo. Waelekezaji wake walilazimika kuficha mengi, na mtazamaji akaachiwa kazi ya kujitisha mwenyewe. Zifuatazo ni nne kati ya hizo.

Nosferatu (1922)

Filamu hii isiyo na sauti ilielekezwa na Mjerumani F.W. Murnau. Inasimulia kisa cha Orlok, mfu anayenyonya damu ya watu, aliyeigizwa na Max Schreck. Kinachokumbukwa zaidi ni kivuli chake kikipanda ngazi, vidole virefu vimenyooshwa. Mwili wenyewe hauonekani.

Waundaji wake walikitumia kitabu cha Bram Stoker, Dracula, bila idhini, ingawa waliyabadilisha majina ya wahusika. Mjane wa mwandishi huyo, Florence Stoker, alienda mahakamani, na mnamo 1925 ikaamriwa nakala zote ziharibiwe. Filamu ilinusurika kwa kuwa baadhi ya nakala zilisalia.

Psycho (1960)

Alfred Hitchcock alikuwa tayari mwelekezaji mashuhuri alipoamua kutumia takriban dola 800,000 tu, picha zisizo za rangi na mafundi wa kipindi chake cha runinga. Mauaji ya bafuni, ambapo mhusika wa Janet Leigh anadungwa kisu, hayachukui hata dakika moja, lakini upigaji wake ulichukua siku saba.

Damu iliyotumika ilikuwa sharubati ya chokoleti. Kisu hakionekani waziwazi kikipenya mwilini. Ni vinanda vya nyuzi vya Bernard Herrmann vinavyopiga mayowe, na mtazamaji huapa kwamba ameona yote.

Night of the Living Dead (1968)

George Romero na wenzake waliitengeneza filamu hii karibu na mji wa Pittsburgh kwa takriban dola 114,000. Wafu wanafufuka na kula watu, na kundi la watu wasiofahamiana linajifungia katika nyumba moja shambani. Badala ya kushirikiana, wanazozana: wajifiche katika chumba cha chini ya ardhi, au wabaki juu na kuziba madirisha kwa mbao? Ugomvi huo unawaangamiza sawa na wafu walioko nje.

Shujaa wake, Ben, aliigizwa na Duane Jones, mwigizaji Mweusi, jambo lililokuwa nadra enzi hizo. Romero alieleza kwamba Jones alichaguliwa kwa kuwa ndiye aliyefanya vyema zaidi katika majaribio. Msomaji ambaye hajaitazama filamu hii na aruke aya ifuatayo.

Ben ananusurika hadi asubuhi. Anapochungulia dirishani, raia wenye bunduki waliokuja kuwaangamiza wafu wanampiga risasi wakidhani ni mmoja wao. Filamu ilitolewa Oktoba 1968, miezi sita baada ya Martin Luther King kuuawa, na wengi walioitazama hawakuweza kuutenga mwisho huo na yaliyokuwa yakitendeka nchini mwao.

Waundaji nao walipatwa na msiba wao. Jina la kwanza la filamu lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki lililoandamana nalo liliachwa nje ya nakala. Kwa mujibu wa sheria ya Marekani ya wakati huo, kazi iliyotolewa hadharani bila tangazo hilo ilipoteza ulinzi. Yeyote akawa huru kuinakili na kuiuza bila kuwalipa hata senti. Ajabu ni kwamba uhuru huo ndio ulioieneza kote, na sinema za wafu watembeao zilizofuata zina deni kwake. Mnamo 1999 iliteuliwa kuhifadhiwa katika sajili ya kitaifa ya filamu ya Marekani.

Halloween (1978)

John Carpenter alipewa takriban dola 300,000. Kisa ni cha vuli katika jimbo la Illinois, lakini upigaji ulifanyika California majira ya kuchipua. Hivyo basi, majani makavu yalipakwa rangi, yakatawanywa barabarani, kisha yakaokotwa ili yatumike tena.

Kinyago cha muuaji, Michael Myers, kilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek iliyopakwa rangi nyeupe. Muziki aliutunga Carpenter mwenyewe. Anayewindwa ni Jamie Lee Curtis, bintiye Janet Leigh wa Psycho. Hapa hakuna kasri. Muuaji anazunguka katika mtaa wa kawaida mchana kweupe. Kikulacho ki nguoni mwako. Filamu ilizoa zaidi ya dola milioni 60.

Filamu hizi hazifai watoto wadogo. Kwa mtu mzima, ni vyema kuzitazama usiku, taa zikiwa zimezimwa na sauti ikisikika vizuri, kwani hofu nyingi huingilia masikioni. Hilo si geni kwetu. Nyanya zetu waliotusimulia hadithi za mazimwi kando ya moto hawakuwa na picha hata moja, lakini ni nani aliyethubutu kutoka nje peke yake baadaye?