Kutoka kipande hadi likizo: mapumziko yalivyopata malipo mkongeni

Desemba ikifika ukingoni, Mkata, wilayani Handeni, hakulali. Mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi, Arusha na Tanga hupita hapa usiku na mchana yakiwa yamejaa watu, mabegi na maboksi yaliyofungwa kamba. Wengi wa abiria hao ni walimu, askari, makarani na wahudumu wa viwandani waliopewa likizo. Wako safarini kwenda kwao, na mshahara wao unaendelea kuhesabika kana kwamba wako kazini.

Fuata barabara hiyo hiyo kwenda Segera, pita Kabuku, kisha kata kuelekea Hale au Korogwe. Hapo unaingia nchi ya mkonge. Siku hizi, katika baadhi ya ofisi za mijini, maofisa utumishi wanazungumzia kumtuza mfanyakazi aliyefanya vizuri kwa siku za ziada za mapumziko zenye malipo, badala ya bahasha na cheti. Wanalizungumzia kama jambo jipya. Ukiisoma historia ya mashamba haya ya Korogwe na Handeni, unakuta muda wa mfanyakazi umekuwa ndiyo vita yenyewe tangu shina la kwanza la mkonge lilipopandwa.

Mbegu za mkonge zililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na miche michache iliyosalimika ikapandwa Pangani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata. Ardhi ilipatikana kwa amri ya serikali, lakini watu wa kuilima hawakupatikana kirahisi. Mzigua na Msambaa walikuwa na mashamba yao ya mahindi na mihogo, na mvua ikinyesha hakuna aliyekuwa tayari kuliacha shamba lake akapalilie la mtu. Ndipo mwaka 1907 utawala wa Wilhelmstal, Lushoto ya leo, ukaanzisha kadi ya kazi. Kila mwanamume alitakiwa kufanya kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Aliyeijaza kadi yake aliachwa akae kwake, na ambaye hakuijaza alipelekwa kwenye kazi za serikali.

Itazame kadi ile vizuri. Zawadi ya kufanya kazi ilikuwa kuachwa uendelee na maisha yako mwenyewe kwa muda. Muda uliokuwa mali ya mtu tangu azaliwe ulichukuliwa, kisha akauziwa tena.

Waingereza walipoichukua Tanganyika walikuta utaratibu wa kadi umezoeleka, na mkongeni ukaendelea kwa jina la kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi ya siku, msimamizi anatia alama. Nafasi zote 30 zikijaa, ndipo unalipwa. Ukiugua siku tatu, hujaandikiwa kitu, na siku ya malipo inasogea mbele siku tatu. Ukifiwa, ukienda kumtazama mama, ukibaki nyumbani mvua ya kwanza ikidondoka, ni hivyo hivyo. Hakuna aliyekuzuia kupumzika, ila kila siku ya kupumzika uliilipia wewe mwenyewe.

Lakini ndani ya siku yenyewe kulikuwa na upenyo, na wakataji waliujua vema. Kazi haikupimwa kwa saa, ilipimwa kwa mafungu. Mkataji aliingia shambani kabla jua halijachomoza, akakata jani karibu na shina, akaondoa mwiba wa nchani unaoweza kumtoboa mtu jicho, akahesabu majani 30, akafunga fungu, akalibeba hadi kando ya reli ndogo inayopeleka majani korona, mashine ya kuyatoa singa, yaani nyuzi za mkonge. Akitimiza idadi yake, siku imekwisha, hata kama adhuhuri haijaadhiniwa. Kijana mwenye mkono mwepesi aliweza kuwa nyumbani wakati wa chakula cha mchana, na alasiri nzima ikawa yake: alime, ajenge, alale. Kwa wenyeji wa vijiji vya jirani, alasiri ile ilikuwa na thamani kama senti za kipande. Ndiyo maana idadi ya mafungu ilipoongezwa, ugomvi uliwaka haraka. Mafungu machache ya ziada yalimnyang'anya mtu saa zilizokuwa zake.

Manamba, wale waliotoka mbali, hawakuwa na shamba la jirani la kukimbilia. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyowaleta watu kutoka Kigoma, Songea, Njombe na hata Ruanda-Urundi. Korogwe ikawa moja ya vituo vyao vikuu vya kupokelea na kugawia watu. Mkataba wao ulikuwa na mwisho, na mwisho huo ulikuja na nauli ya kurudi kwao. Kwa manamba, likizo ilikuwa hiyo tu: kazi imekwisha, panda gari urudi. Aliyetaka kurudi mkongeni alianza upya.

Wakati huo huo, ofisa wa kikoloni aliyekuwa bomani Korogwe au Handeni alimaliza zamu yake ya miaka miwili au mitatu, akapanda meli kwenda Uingereza kwa miezi kadhaa, mshahara mzima ukimfuata. Hakuna aliyemwona mvivu. Hoja iliyotolewa ni kwamba mwili wa mzungu unachoshwa na joto la nchi za tropiki. Sijui ni joto gani lililomchosha aliyekaa kivulini likamwacha mkataji wa mkonge.

Duniani mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa likizo yenye malipo, na Ufaransa, baada ya wimbi la migomo viwandani, ikawapa wafanyakazi wake majuma mawili. Uingereza yenyewe ilitunga sheria yake mwaka 1938. Mwaka 1948 Tamko la Haki za Binadamu, kifungu cha 24, likaiweka likizo yenye malipo kati ya haki za kila mtu. Ilichukua muda mrefu habari hiyo kufika kwenye mashamba ya Magunga na Ngombezi.

Vilivyoifikisha ni vyama vya wafanyakazi. Shirikisho la vyama hivyo, TFL, liliundwa mwaka 1955, na chama cha wafanyakazi wa mashamba kikaanza kupenya kambini, ambako mwenye shamba aliweza kumfukuza mgeni yeyote kwa kuwa nyumba, njia na duka vyote vilikuwa vyake. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Miezi miwili bila alama hata moja kwenye kipande! Mtu aliyezoea kuona malipo yakisogea kwa kukosa siku tatu alikubali kukosa siku 60 na zaidi, na waliwezaje kula ni jambo linalostahili kitabu chake.

Uhuru ulipokuja, mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1962 Sheria ya Ajira ilirekebishwa, kipande kikawekwa kwenye njia ya kufutwa, na likizo yenye malipo ikaingia katika sheria ya nchi. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kiinua mgongo. Lakini serikali changa iliyotegemea mkonge kwa fedha za kigeni haikuvumilia migomo iliyoendelea mashambani. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa TFL aliyekulia kwenye chama cha mkongeni, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Mwaka 1964 vyama vyote vikaunganishwa kuwa kimoja, NUTA. Wafanyakazi walipata sheria ya kulinda ajira zao mwaka ule ule walipopoteza vyama vyao huru. Mimi nayaona mambo yote mawili kuwa ya kweli, na sioni haki kusimulia moja na kulificha jingine.

Katika miaka iliyofuata, Mei Mosi ikawa siku ya kumtambua mfanyakazi bora. Tuzo zake tunazijua: cheti na fedha, au kitu cha kubeba kwenda nacho nyumbani. Wiki ya ziada ya kupumzika haikuzoeleka kuwa miongoni mwa tuzo hizo, na nadhani sababu iko wazi. Kwa mtu ambaye baba yake alifanya kazi kwa kipande, kuambiwa akae nyumbani kulikuwa karibu mno na kuambiwa kazi hakuna.

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwa ndani yake, na malipo ya likizo yatolewe kabla mtu hajaondoka. Neno "isiyopungua" linamwachia mwajiri mlango wa kuongeza, na hapo ndipo siku za zawadi zinapoweza kuingia bila kuvunja kitu. Kwa watumishi wa umma iko pia nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, ambayo walimu wengi wanaidai kama malimbikizo. Kumtangazia mwalimu siku za ziada huku nauli yake ya likizo iliyopita haijalipwa ni kumwongezea siku za kukaa kituoni akilitazama basi.

Mkongeni tatizo ni jingine. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, yakaanguka pamoja na bei ya mkonge, yakabinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo sehemu ya mkonge wa Hale, Mwelya, Magoma, Magunga na Ngombezi ni ya wakulima wadogo walio kwenye vyama vya ushirika. Hilo ni jema. Lakini jani bado linakatwa na mtu, na mtu huyo juma hili anaweza kumkatia mkulima mmoja, juma lijalo mwingine. Sheria inadai miezi sita ya kazi kwa mwajiri mmoja ndipo likizo yenye malipo ianze kudaiwa. Aliyeajiriwa kwa msimu hafungwi na sharti hilo, na aliyeajiriwa zaidi ya mara moja kwa mwaka anahesabiwa, mradi vipindi vyake kwa mwajiri yule yule ndani ya mwaka vikijumlishwa vipite miezi sita. Mkataji anayezunguka kwa wakulima kumi, akifanya kazi mwaka mzima bila kukosa, anaweza asifikishe miezi sita kwa yeyote kati yao.

Sheria hiyo ina kipimo kidogo ambacho kingefaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya ushirika: kwa asiyemaliza mwaka, kila siku 13 za kazi huzaa mshahara wa siku moja kama malipo ya likizo. Kwa kipimo hicho, kipande kimoja cha zamani, siku zake 30 zikiwa zimejaa, kingemletea mkataji mshahara wa siku mbili za likizo. Vyama vya ushirika tayari vinaandika uzito wa singa wa kila mkulima. Daftari la siku za kila mkataji, likishikwa na chama badala ya mkulima mmoja mmoja, lingeweza kujumlisha zile siku 13 bila kujali amekata kwa nani.