Wafuata Maji: Tarehe ya Mafundi wa Kompyuta Mjini Moshi

Maji ya mfongo, yaani mfereji wa mlimani Kilimanjaro, yanapokatika, mwenye kihamba aliyelelewa Kibosho au Machame au Marangu hachimbi pale penye migomba yake, kwa kuwa anajua tangu utotoni kwamba ukame anaouona miguuni pake una asili yake juu, mahali asipopaona. Hushika jembe na panga akaufuata mfereji kinyume cha mteremko, akipita mashamba ya jirani mmoja baada ya mwingine, akitazama kama fuko ametoboa ukingo, kama gogo la mgomba limeziba njia, kama mtu amejifungulia zamu isiyo yake, hata afike mahali ambapo maji yapo. Na hapo, baina ya penye maji na pasipo maji, ndipo penye hitilafu. Mzee aliyekabidhiwa mfereji, ambaye Wachaga humwita meni mfongo, hakuwa na chombo cha kupimia wala kitabu cha kurejea, lakini alikuwa na utaratibu, na utaratibu huo ndio nitakaousimulia hapa, ijapokuwa nitausimulia kwa njia ya mashine ambayo babu zetu hawakuiota.

Nasema hivi kwa sababu nimesikia mara nyingi, hata kwa watu wenye elimu, kwamba ufundi wa kompyuta uliletwa Moshi na kompyuta zenyewe, kana kwamba mafundi wetu waliukuta ndani ya katoni pamoja na nyaya. Kauli hiyo siikubali. Mashine zililetwa, naam. Lakini ile hekima ya kuuliza kwa mpango, ya kutong'oa kitu kabla ya kujua kidonda kilipo, ilikuwapo mlimani zamani sana, nayo ilipita katika mikono mingi kabla ya kumfikia kijana mwenye bisibisi aketiye leo kwenye kibaraza cha duka, si mbali na soko la Mbuyuni, na mbele yake kompyuta iliyokataa kuwaka.

Hapo kale ufundi ulikuwa mali ya koo. Wahunzi wa Mamba walijulikana mlima mzima kwa mikuki na majembe yao, na chuma chao kilitoka Upare, ambako ukoo wa Washana wa Ugweno ulikuwa na sifa ya kuyeyusha mawe yakawa madini. Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja, kwani laana yake ilihesabiwa kuwa nzito kuliko ya mtu mwingine. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, na chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa kilipoundwa mwaka 1925, kikafuatwa mwaka 1933 na chama kikuu cha ushirika, KNCU, mji ukajaa vitu vyenye kuharibika ambavyo havikuwa na ukoo: mizani, mashine za kupiga chapa, baiskeli, saa, cherehani. Kijana yeyote mwenye macho makali na subira aliweza kuketi karibu na fundi, aghalabu fundi wa Kihindi, akatazama mpaka akajua.

Lakini mzazi halisi wa fundi wa kompyuta ni fundi wa redio, na hapa yafaa tukae kidogo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, katika miaka ile ambayo bei ya kahawa ilikuwa njema, na mkulima aliyelipwa na Chama hakusita kununua redio, chombo kikubwa cha mbao chenye taa za kioo ndani yake, akakiweka juu ya kabati na kukifunika kitambaa cha kudarizi. Redio ile ilipokuwa bubu, fundi hakuanza kwa kung'oa taa moja moja na kuzijaribu. Aliiwasha, akasubiri taa zipate moto, kisha akagusa kwa ncha ya bisibisi ule mguu wa kati wa kitufe cha sauti. Kama spika ilinguruma, alijua kwamba kuanzia kitufe hadi spika njia ni salama, na taksiri iko upande wa pili, kuelekea kwenye waya wa kunasia mawimbi. Kama haikunguruma, basi upande wa pili haukumhusu kwa wakati ule. Kwa mguso mmoja alikuwa ameigawa redio nusu mbili na kuiacha nusu moja. Kisha huigawa ile nusu iliyobaki, na nusu ya nusu, mpaka akafika kwenye kiungo kimoja kisichopitisha. Mtu wa Kibosho aliyesimama kando akitazama, akimwona fundi anapanda kutoka kwenye spika kuelekea chanzo, je, hakuufahamu mwendo ule? Ulikuwa mwendo wa babu yake.

Kompyuta, kwa upande wake, haikuingia nchini kwa baraka. Ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada ya miaka michache mahesabu ya Hazina yalitibuka kwa kadiri ambayo ililazimu kurudi kwenye kalamu na daftari; na mwaka 1974, katika nchi iliyokuwa na uhaba wa fedha za kigeni, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Wako wanaoilaumu amri ile hata leo kwa kuturudisha nyuma. Mimi naona kuwa wanalaumu nusu ya jambo, maana katika miaka ile ya marufuku na ya uhaba mkubwa uliofuata, fundi wa Tanzania alijifunza somo ambalo mwenzake wa nchi tajiri hakulazimishwa kulijifunza, nalo ni kwamba kifaa kilichokufa ni duka la vipuri. Redio iliyoungua haikutupwa. Ilining'inizwa ukutani, ikatolewa viungo vyake kidogo kidogo kwa miaka kumi, kila kimoja kikaenda kufufua nyingine.

Milango ilipofunguliwa, na hasa katika miaka ya 1990 na ile iliyofuata, kompyuta zilifika Moshi kwa njia mbili: mpya chache kwa maofisi, na nyingi zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani, zikiletwa na wafanyabiashara, na misheni, na wageni wa kujitolea ambao mji huu ulio chini ya mlima haukosi. Hizi za Marekani zilikuwa na balaa lao. Nyuma ya sanduku la umeme, ambalo mafundi huliita pawa saplai, palikuwa na kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Mashine iliyotoka Marekani ilikuja imewekwa 115, na mwenyeji aliyeichomeka kwa furaha katika umeme wetu wa volti 230 alisikia mlipuko na kuona moshi kabla hajaona herufi moja kwenye kioo. Sijui kitu kilichofunza watu wengi zaidi ya kiswichi kile. Kilio cha mwenye mali kilikuwa kwamba kompyuta nzima imekufa. Fundi akafungua, akakuta mara nyingi kwamba kilichokufa ni lile sanduku la umeme peke yake, limejitoa mhanga, na bodi nyuma yake iko salama.

Kisha likaja gonjwa la kapasita. Kapasita ni kikopo kidogo cha alumini chenye majimaji ndani yake, kazi yake kulituliza wimbi la umeme kabla halijafika kwenye viungo vyenye akili. Na kuanzia takriban mwaka 1999 viwanda kadhaa vya Asia ya Mashariki vilitoa kapasita ambazo majimaji yake yalikuwa na kasoro, zikafanya kazi miaka miwili mitatu, kisha zikavimba vichwa na kupasuka. Ugonjwa ulienea dunia nzima; kampuni ya Dell ya Marekani ilitenga mwaka 2005 takriban dola milioni 300 kwa ajili ya kuzitengeneza mashine zilizoathirika. Tajiri alibadilishiwa bodi, au alinunua kompyuta nyingine. Na ile aliyoiacha, ama inayofanana nayo, ilipakiwa katika kontena pamoja na ugonjwa wake ambao ulikuwa bado haujadhihiri, ikaja kuvimbia huku kwetu.

Umeme wenyewe nao ulikuwa mtihani. Maji ya Kilimanjaro, yale yale yanayopita katika mifongo, huteremka kwa mito ya Kikuletwa na Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako tangu mwaka 1968 huzungusha mitambo ya megawati 8, kisha hushuka na mto Pangani kuzungusha mingine huko Hale na kwenye maporomoko ya Pangani, kabla ya kuingia baharini. Na mwaka 2006, ukame ulipoyapunguza mabwawa ya nchi, mgao wa umeme ulikuwa mkali. Kukatika kwa umeme hakuiui kompyuta sana. Kinachoiua ni kurudi kwake, kwa kishindo, wakati majokofu na mashine za kusaga za mtaa mzima zinapoamka kwa pamoja na volti zikapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Ongeza vumbi jekundu la ukanda wa tambarare, ambalo hujaza mapezi ya chuma yanayopoza prosesa mpaka feni ikawa inapuliza ukuta, na ongeza sisimizi wanaopenda joto la sanduku lile na kuhamia humo na mayai yao: ndipo utakapofahamu kwa nini fundi wa Moshi huanza kazi yake kwa pua na macho, kabla ya mita.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza jirani yangu, mwalimu mstaafu, kupeleka kompyuta yake ya mezani kwa fundi mjini. Aliiteremsha kwenye basi la Kibosho ikiwa imefungwa katika kanga, kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Shikamoo, mwalimu," alisema fundi, kijana asiyezidi miaka thelathini.

"Marahaba, mwanangu. Haiwaki kabisa hii."

"Ilizimika yenyewe ikiwa kazini, au ulikuta asubuhi imegoma?"

"Umeme ulikatika jioni. Uliporudi, feni inazunguka kidogo, halafu kimya."

Fundi hakugusa bisibisi. Alichukua waya wa kompyuta ile, akauchomeka kwenye mashine nyingine iliyokuwa mezani, ikawaka. Basi waya na ukuta havina hatia. Ndipo alipofungua ubavu wa sanduku, akanusa, akapuliza vumbi, akachomoa ile plagi pana inayotoka kwenye pawa saplai, akakunja kipande cha waya na kuunganisha tundu la rangi ya kijani na tundu jeusi. Feni ya sanduku la umeme ikazunguka, safari hii bila kusita. Akaweka mita: waya wa njano volti 12, mwekundu 5, wa machungwa 3.3.

"Moto unafika hapa," alisema, akiweka kidole kwenye plagi. Mafundi wetu wote husema moto penye umeme. Lakini mimi, nikitazama kidole kile kilichosimama baina ya penye moto na pasipo moto, nilisikia maji.

Akarudisha plagi, kisha akaanza kuivua mashine mavazi: diski ngumu, kiendeshi cha sidii, kadi zote, mpaka ikabaki bodi, prosesa na kipande kimoja cha ramu, ambacho alikisugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya shule na kukirudisha. Ikazunguka kidogo, ikanyamaza. Akaitoa ramu yenyewe. Bodi nzima, ikikosa ramu, lazima ilalamike kwa milio, na kila ukoo wa bodi una lugha yake ambayo fundi huihifadhi moyoni; lakini hii haikulalamika. Basi si diski, si kadi, si ramu. Yote hayo yalikuwa nusu iliyoachwa. Akaiinamisha bodi kuelekea mwanga wa dirisha, na hapo kando ya prosesa, katika safu ya kapasita sita, tatu zilikuwa na vichwa vya mviringo badala ya bapa, na moja ya hizo ilikuwa na ukoko wa kahawia juu yake.

Ukutani palining'inia bodi tano zilizokufa. Alichagua moja, akazisoma kapasita zake moja moja, akitafuta zenye kipimo kile kile na volti zisizopungua, akazitoa kwa pasi ya kulehemu, akazipanda mahali pa zile mbovu, akihakikisha kila mara kwamba mstari wa upande hasi umeangalia unapopaswa, kwa kuwa kapasita iliyogeuzwa hupasuka. Kazi ile ilichukua muda wa kunywa chai. Alipobonyeza swichi feni ilizunguka, ikaendelea kuzunguka, na mashine ikatoa mlio mmoja mfupi. Mwalimu alishusha pumzi. Kwenye kioo saa ilionyesha tarehe 1 Januari 2002. Betri ndogo ya bodi, ambayo ikiwa mpya hutoa volti 3, ilikuwa imebakiwa na 1.9.

Nilipokuwa nangoja abadilishe betri nililiona daftari lake, la jalada gumu, limechakaa pembe. Aliniruhusu kulifungua. Kurasa za mwanzo zilikuwa za mkono mwingine, mwandiko ulioinama wa mtu aliyefundishwa na masista, wino wa buluu umefifia: michoro ya redio za taa, kisha za transista, na kando ya kila mchoro mahali pa kugusa na sauti itakayosikika. Aliniambia lilikuwa la fundi aliyemfunza, naye sasa ni marehemu. Katikati mwandiko ulibadilika, zikaja televisheni, ambazo Tanzania Bara haikuwa nazo hewani mpaka mwaka 1994. Kisha mwandiko wa kijana mwenyewe, milio ya bodi, rangi za nyaya, na kurasa za karibuni kabisa juu ya kompyuta za mapajani, ambazo katika nyingine ramu imelehemiwa kwenye bodi moja kwa moja, na chini ya michoro yao maneno machache sana, kwa kuwa mashine isiyoweza kuvuliwa haiwezi kugawanywa nusu mbili. Hilo linanisikitisha. Tarehe nzima ya ufundi katika mji huu ilikuwa mkononi mwangu, nakala moja tu, juu ya meza yenye kikombe cha chai.

Alilichukua kwa upole, akaandika siku ile, na chini yake: "Ya mwalimu. Haiwaki. Moto unafika pawa saplai. Kapasita 3, betri 1." Kisha akaligeuzia baobonye upande wa mwalimu, ambaye alitazama kalenda ukutani na kuanza kuandika mwaka, kidole kimoja kimoja.