Jina Si Mwenyewe: Historia Fupi ya Barua za "Akaunti Yako Itafungwa"

Leo nataka tuzungumzie barua moja ambayo kila anayeuza kitu mtandaoni hapa Mombasa ameshaipata, au ataipata. Huja kwa barua pepe, huja kwa ujumbe mfupi, na siku hizi huja hata kwa WhatsApp. Maneno hubadilika lakini habari ni ile ile: tumeona jambo la kutilia shaka katika akaunti yako, akaunti itafungwa baada ya saa 24, bonyeza hapa uthibitishe kuwa ni wewe.

Anayebonyeza hupelekwa kwenye ukurasa unaofanana na ule wa kweli kama pacha. Anaandika nywila yake, na nywila inakwenda kwa mwizi. Kwa Kiingereza wizi huu ulipewa jina la kuvua samaki, zikageuzwa herufi za mwanzo tu. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kuna ndoana, kuna chambo, na mvuvi hajui ni samaki yupi atakayeuma. Anachojua ni kwamba akitupa mshipi mara elfu, mmoja atauma.

Nilipokuwa chuoni nikisomea sayansi ya tarakilishi, somo hili lilifundishwa kana kwamba lilizaliwa pamoja na intaneti. Sikubaliani. Swali lililo chini yake ni la kale sana: nitajuaje kwamba ujumbe huu umetoka kwa huyo aliyetajwa juu yake? Wafanyabiashara wa kisiwa hiki walilijibu kabla umeme haujafika, na jibu lao ni bora kuliko mengi yanayouzwa leo kwa jina la usalama.

Hundi na leso

Tuanze na hundi. Katika karne ya 19, mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka pwani hii hakulazimika kusafiri na kasha la fedha hadi Bombay. Aliandika hundi, yaani karatasi ya kumwamuru mshirika wake wa ng'ambo alipe kiasi fulani. Sasa fikiria hatari yake. Karatasi huibwa, na mwandiko huigwa. Wenyewe walilijua hilo. Kulikuwa na aina ya hundi iliyoitwa shah jog, ambayo haikulipwa kwa yeyote aliyeishika. Ililipwa kwa mfanyabiashara anayejulikana na kuheshimika sokoni tu. Tena ilikuwa desturi kumtumia mlipaji barua nyingine, peke yake, ya kumjulisha kwamba hundi fulani iko njiani. Yaani karatasi iliyofika mkononi haikutosha kujithibitisha yenyewe. Uthibitisho ulitoka pengine.

Shikeni neno hilo: uthibitisho hutoka pengine. Tutarudi kwake.

Mfano wa pili uko Barabara ya Biashara, hatua chache kutoka Mji wa Kale. Wanaojua leso wanaijua alama ya K.H.E. - Mali ya Abdulla. Ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887. Alama ile humwambia mnunuzi leso imetoka kwa nani. Lakini alama ni wino tu! Mwenye mashine ya kuchapa nguo anaweza kuchapa herufi zizo hizo. Ndiyo maana mama ajuaye leso haishii kusoma maandishi. Hupapasa kitambaa, hutazama rangi na mshono, na zaidi ya yote hununua kwa duka alilolizoea, akaenda kwa miguu yake mwenyewe.

Waya wa 1890

Mwaka 1890 waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kati ya Unguja na Mombasa, na kisiwa kikaungana na mtandao wa nyaya za Waingereza duniani. Mwaka 1896 benki ya kwanza, National Bank of India, ikafungua tawi hapa. Biashara ikapata mbio mpya, na ulaghai pia ukapata njia mpya, kwa sababu telegramu haina mwandiko wala muhuri. Karani wa huku anaandika tu alichosikia kwenye waya. Telegramu inayosema "mlipe fulani" ingeweza kutumwa na yeyote anayelifikia dirisha la telegrafu.

Benki duniani zilipata dawa. Matawi mawili yalikubaliana siri mapema, mara nyingi jedwali la nambari lililofungiwa ndani ya sefu. Kila amri ya malipo ilibeba nambari ya jaribio iliyopigwa hesabu kutokana na kiasi, tarehe na siri ile. Tawi linalopokea lilirudia hesabu. Nambari zikilingana, pesa zinalipwa. Zisipolingana, hakuna kitu. Karani wa telegrafu aliweza kuisoma amri yote, lakini hakuweza kutunga nambari ya amri nyingine. Programa yeyote akisoma hapa atacheka, maana saini za kidijitali tunazotumia leo zinafanya kazi ile ile.

Barua pepe ilisahau somo

Agosti 1982 Jonathan Postel alichapisha kanuni za SMTP, lugha ambayo seva za barua pepe huongea hadi leo. Ni kazi safi, fupi, yenye akili. Lakini ndani yake, seva inayotuma hujitaja yenyewe na humtaja mwandishi, na seva inayopokea huamini. Hakuna nambari ya jaribio. Wakati ule mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara, watu wakifahamiana, kwa hiyo hakuna aliyeona haja. Mtandao ukaja kuwa soko la dunia nzima, na mlango ukabaki wazi.

Katikati ya miaka ya 1990 wezi walianza kuwaandikia wateja wa AOL huko Marekani wakijifanya wafanyakazi wa kampuni hiyo na kuwaomba nywila. Kufikia 1996 neno lenyewe la uvuvi huu lilikuwa limeshaandikwa kwenye vikundi vya majadiliano. Mwaka 2000 ikaja tovuti ya kuiga PayPal: herufi ya mwisho, l ndogo, ilibadilishwa kwa I kubwa. Kwenye skrini nyingi herufi hizo mbili ni mstari mmoja uliosimama, hakuna tofauti! Mwaka 2002 eBay ikainunua PayPal, na katika miaka iliyofuata majina hayo mawili yakawa chambo cha kila siku.

Kwa nini wauzaji? Kwa sababu kazi ya muuzaji ni kupokea ujumbe kutoka kwa watu asiowajua. Mwingine anaweza kuupuuza ujumbe wa mgeni. Muuzaji akiupuuza amepoteza mteja. Tena akaunti yake si akaunti tu, ni duka: sifa zilizoandikwa na wateja, picha, miaka ya kazi. Ukimwambia duka lako linafungwa jioni, mikono inatetemeka. Mwizi anachokitaka ni haraka ile. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nadhani wangeiandika juu ya kila kikasha cha barua pepe.

Zamu yetu

Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa. Juni 2009 kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ikafika Mombasa, na mwezi uliofuata SEACOM ikaanza kazi. Kwa kipindi kifupi sana, pesa na soko vyote viwili vikahamia mkononi mwa muuzaji.

Chambo cha kwanza kilichotunasa hapa hakikuwa barua pepe. Kilikuwa ujumbe mfupi ulioandikwa kwa mfano wa ujumbe wa M-Pesa: nambari ya muamala, kiasi, jina, saa, salio jipya. Mnunuzi anasema "nimeshalipa, angalia simu", muuzaji anaona maneno aliyoyazoea, anatoa mzigo. Jioni akitazama salio, hakuna kitu. Wakati mwingine simu hupigwa: "pesa zimekuja kwako kimakosa, tafadhali nirudishie." Zilienea hata jina la gereza la Kamiti likawa neno la mtaani la simu za aina hii. Usajili wa laini ulianza 2010, Safaricom ikaweka nambari 333 ya kupelekea ripoti za ulaghai, na mwaka 2018 Kenya ikapitisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, ambayo iliutaja uvuvi huu waziwazi na kuuwekea faini isiyozidi shilingi 300,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria ni jambo jema, lakini hufika baada ya mzigo kuondoka.

Halafu zikaja kurasa za mitandao ya kijamii. Jirani yangu mmoja wa Mji wa Kale huuza leso na madera kwenye ukurasa wake, na ana wateja kutoka Lamu hadi Maskati. Siku moja aliniletea simu.

"Mwanangu, hebu niangalizie hii. Wasema nimeiba picha za watu, na kufika magharibi watanifungia ukurasa."

"Mama, umebonyeza popote?"

"Bado. Nimeogopa."

Nikamwambia tusiuguse ujumbe ule. Tukaifungua programu yenyewe, tukaingia sehemu ya arifa na hali ya akaunti. Hakukuwa na onyo lolote. Kama kungekuwa na tatizo la kweli, lingekuwa limeandikwa mle ndani. Akacheka, akaniambia basi hiyo ni sawa na mtu kugonga mlango usiku akidai ametumwa na kanjo.

Muuzaji mwingine ninayemfahamu hakupata wa kumuuliza. Alibonyeza, akaandika nywila, kisha ukurasa wa bandia ukamwomba nambari sita zilizotumwa kwa simu yake, naye akaziandika. Watu wengi hufikiri nambari zile ni kinga kamili. La. Mwizi anazipokea na kuziingiza kwenye tovuti ya kweli sekunde ile ile. Usiku huo ukurasa ukawa wake, na alichofanya kikaumiza zaidi ya wizi wa nywila: aliwaandikia wateja kwa jina la yule dada, akawaomba arubuni ya mzigo mpya wa Idi. Watu wakalipa. Halafu wakaja mlangoni kwake kudai nguo. Mji wetu ni mdogo, jina likichafuka halisafishwi kwa wiki moja.

Tumejenga nini

Wahandisi hawakulala. Kuanzia 2006 kanuni za SPF, kisha DKIM, kisha DMARC ziliirudishia barua pepe ile nambari ya jaribio ya kale: seva inayopokea sasa inaweza kuuliza kama barua imetumwa kweli na wenye jina la tovuti lililotajwa. Mwaka 2024 Google na Yahoo zikaanza kuzidai kwa wanaotuma barua kwa wingi. Lakini tazama mpaka wake. Zinathibitisha jina la tovuti, hazithibitishi nia ya mwenye nalo. Mwizi akisajili jina linalofanana, barua yake inapita ikiwa na saini safi kabisa.

Mwaka 2019 WebAuthn ikawa kanuni rasmi ya wavuti. Hapa ufunguo wa siri hukaa ndani ya simu yako, na simu yenyewe hukagua jina la tovuti kabla ya kujibu. Ukiwa kwenye ukurasa wa bandia, simu haina ufunguo wa kutoa, hata wewe mwenyewe ukidanganyika. Hii ndiyo kinga ninayoipenda kuliko zote. Kama soko unalolitumia linaitoa, iwashe leo.

Zaidi ya hapo, nawashauri wauzaji haya machache:

1. Onyo likija, usipite kwenye mlango lililokuletea. Fungua programu au andika anwani mwenyewe, ukaangalie ndani.

2. Malipo hayako kwenye ujumbe, yako kwenye salio. Tazama salio kabla ya kutoa mzigo, hata kama mteja ana haraka na bodaboda inanguruma nje.

3. Anwani ya tovuti isome kutoka nyuma. Kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina, maneno mawili ya mwisho (au matatu, kwa zinazoishia na co.ke) humtaja mwenye nyumba. Yaliyotangulia ni majina ya vyumba, na mwenye nyumba huviita apendavyo.

4. Nambari za uthibitisho na PIN haziombwi na mfanyakazi wa kweli. Hakuna dharura inayobadilisha hilo.

5. Ukishanaswa, badilisha nywila mara moja, toa vifaa vyote vilivyoingia, na uwaambie wateja siku hiyo hiyo kwa njia nyingine. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko arubuni ya watu kumi.

Ukiyatazama yote, utaona ni yale ya mwenye hundi na ya mama mpapasa leso. Jina lililo juu ya ujumbe ni wino. Mwenye hundi alingoja barua ya pili, benki ilirudia hesabu, mnunuzi wa leso alikwenda dukani mwenyewe. Kila mmoja alitafuta uthibitisho pengine, kwa njia ambayo mleta ujumbe hakuichagua.

Haya wadau, kwa leo tuishie hapa. Kama una shangazi, dada au jirani anayeuza mtandaoni, mweleze angalau lile la kwanza. Linatosha kumwokolea duka.