Usalama kazini: Karakana ya Wamunyu nayo iko chini ya sheria

UKITAJA viwanda katika Kaunti ya Machakos, wengi hukumbuka mitambo ya saruji ya Athi River. Hata hivyo, eneo la Mwala lina kiwanda cha aina yake: karakana za vinyago za Wamunyu, mahali ambapo Mutisya Munge alianzisha uchongaji wa biashara baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Hatari ya shoka, tezo na msumeno huonekana kwa macho. Ya vumbi haionekani upesi. Mchongaji anapopiga msasa, chembe laini humwingia mapafuni na puani. Vumbi hilo huweza kuleta pumu, na mnamo 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ugonjwa huo huweza kujitokeza baada ya miaka mingi, mgonjwa akiwa amekwisha kuiacha kazi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda iliyotungwa enzi ya ukoloni. Inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, ya muda au ya kudumu. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi sharti pawe na kamati ya usalama, na ukaguzi wa usalama ufanywe angalau mara moja kila miezi 12. Mfanyakazi anayeona hatari kubwa anapaswa kumjulisha msimamizi wake, na halazimishwi kurudi hapo kabla hatari hiyo haijaondolewa.

Kinga hufuata utaratibu. Kwanza huondolewa chanzo cha hatari. Pili hutengwa watu na hatari hiyo. Vifaa vya kujikinga huja mwisho. Katika karakana, maana yake ni kupiga msasa mahali penye hewa ya kutosha, kunyunyiza maji kabla ya kufagia, na kufunika meno ya msumeno wa umeme. Barakoa maalumu ya vumbi hufuata. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe laini.

Fidia

Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, pia ya 2007, mwajiri hulazimika kuwakatia bima wafanyakazi wake. Kifo hupaswa kuripotiwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa saa 24, na ajali nyingine katika siku 7. Anayepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hustahili fidia ya mapato ya miezi 96. Dai huwasilishwa katika miezi 12 tangu ajali itokee. Mnamo Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba madai hayo huanzia kwa Mkurugenzi, wala si mahakamani.

Lakini fidia hiyo ni ya aliyeajiriwa. Mchongaji anayejiuzia vinyago vyake hana mwajiri wa kumdai, ingawa sheria ya usalama inampa naye wajibu wa kujilinda na kuwalinda walio karibu naye. Kwake yeye, maji ya kunyunyiza na dirisha lililo wazi ndiyo bima ya kwanza.