Christopher Tin, mtunzi wa "Baba Yetu"

Wasikilizaji wengi wanaujua wimbo wa "Baba Yetu", ule wa kwaya kubwa na ngoma. Wengi hudhani umetungwa huku kwetu, tena kwa ajili ya kanisa. Sivyo. Mtunzi wake ni Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya Kichina, aliyezaliwa California mwaka 1976, na wimbo ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, Civilization IV, uliotoka 2005. Mbunifu mkuu wa mchezo huo, Soren Johnson, alikuwa amekaa naye chumba kimoja chuoni Stanford.

Maneno ni Sala ya Bwana, ileile Wakristo wanayoisali kwa Kiswahili. Mwimbaji mmoja anaanzisha, kwaya inaitikia; ndiyo maana sikio letu linaupokea kama wa nyumbani.

Mwaka 2009 Tin aliuweka mwanzoni mwa albamu yake Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 kwa lugha 12, safari hii ukiimbwa na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini. Mwaka 2011 ukapata Grammy, tuzo kubwa ya muziki Marekani. Hakuna muziki wa mchezo wa kompyuta uliokuwa umewahi kuipata. Usiku huohuo albamu nayo ikapata yake.

Tin hutunga pia muziki wa filamu. Mwaka 2024 opera ya Turandot, ambayo Mwitalia Puccini alifariki 1924 kabla ya kuimaliza, ilichezwa Washington ikiwa na mwisho mpya alioutunga yeye.