Bega la Mpagazi

Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey lilivuka mpaka kutoka Nyasaland likateka Tukuyu, na Agosti likaingia Iringa. Mizigo ilibebwa na wapagazi. Vitabu vinataja miezi na miji. Mabega ya wapagazi hayatajwi.

Mwaka 1934, huko Boston, daktari Ernest Codman alichapisha kitabu kizima kuhusu bega. Kipimo kinachoitwa kwa jina lake hakihitaji mashine: mkono huinuliwa pembeni, kisha mgonjwa huushusha polepole. Ukianguka ghafla, huenda kano imechanika.

Juzi, Mbeya, daktari alimpima hivyo baba yangu, mbeba lumbesa za viazi. Mkono ukaanguka. Sikuwahi kuona mtu akilishika bega lile bila kulitwisha gunia.