Nani Aulizwe Kuhusu Tabia ya Mtu?

Kijana akienda kuchumbia kwa Wakalenjin huku Rongai au Njoro, wazee waliokaa kwenye koito, kikao cha posa, hawatamuuliza kama yeye ni mchangamfu. Watataka kujua ukoo wake, baba yake ni nani, na jirani zao wanasemaje juu ya nyumba ile. Kijana huyohuyo akiomba kazi kwenye ofisi mjini Nakuru, huenda akapewa fomu ndefu ya sentensi za kujieleza, kila moja aitie alama kati ya 1 na 5. Unapenda kukaa na watu? Kazi ukiianza unaimaliza? Hushikwa na wasiwasi bure? Wazee na ofisi wanatafuta kitu kimoja, yaani mtu huyu atakuwaje kesho. Wanapotofautiana ni juu ya shahidi wa kumwamini.

Fomu ile ina ukoo wake pia. Mwaka 1936 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Henry Odbert, walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza wakakusanya karibu maneno 18,000 ya kumwelezea mtu. Hoja yao ilikuwa kwamba tofauti za watu zikiwa na uzito katika maisha, lugha itakuwa imekwisha kuzipa majina. Raymond Cattell akayachuja kwa hesabu hadi akabaki na sifa 16. Hans Eysenck, kule London, akaona mbili zinatosha, baadaye akaongeza ya tatu. Kuanzia miaka ya 1980 wengi walianza kukubaliana juu ya tano: uwazi wa mawazo, bidii yenye mpangilio, uchangamfu, upole kwa wenzako, na wepesi wa kupata wasiwasi. Paul Costa na Robert McCrae wakaziundia dodoso, na McCrae hasa akashikilia kwamba hizi tano ni za binadamu wote.

Za wote? Swali hilo lilipelekwa kwa jirani zetu Wamaasai. Amber Thalmayer na Gerard Saucier, wakishirikiana na Leonard Ole-Kotikash na Doris Payne, waliotunga kamusi ya Kimaa, walifuata njia ileile ya Allport lakini wakaanza na maneno ya Kimaa yenyewe, wala hawakutafsiri fomu ya Kiingereza. Matokeo yalichapishwa 2020. Mafungu matano yalitokea kweli, ila hayakuwa yale matano. Fungu kubwa kuliko yote lilihusu uadilifu: mtu anayeheshimu, anayejizuia, anayeaminika na wenzake. Uchangamfu wa kupenda umati, ambao kwenye fomu ya ofisi una safu yake peke yake, haukujitokeza kama nguzo. Kwa Mmaasai swali la kwanza juu ya mtu ni jinsi anavyoishi na wenzake, na mengine hufuata baadaye.

Wakipsigis, tawi la Wakalenjin, wana kipimo kinachofanana na hicho. Katika miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, wakichunguza malezi. Wazazi walimsifu mtoto kuwa ng'om. Sifa hiyo haikuwa ya kujibu maswali upesi. Msichana ng'om akimaliza kula hufagia, huosha vyombo, humwangalia mdogo wake, na hakuna aliyemwambia. Akili ya shuleni waliitaja kando, kama kitu kingine. Aliyelelewa kijijini anajua mtihani huo unavyoendeshwa: mama ana watoto wanne uani, anahitaji chumvi, na bila kufikiri sana anamwita mmoja. Yule anayeitwa kila mara ndiye amefaulu, na hakuna mahali alipojaza kwamba yeye ni mwaminifu.

Ndipo fomu inapojikwaa. Rachid Laajaj na Karen Macours walipowahoji wakulima wa magharibi mwa Kenya kwa madodoso ya namna hii, na baadaye wao na wenzao walipochambua takwimu za nchi 23 katika makala ya 2019, sifa tano hazikujipanga kama nadharia ilivyotabiri. Sababu moja ni ya adabu tu: mtu akihojiwa ana kwa ana na mgeni, huelekea kukubali. "Mimi ni mpole", ndiyo. "Mimi hukasirika upesi"; pia ndiyo, kwa kuwa mgeni ametoka mbali na haifai kumkatalia. Hesabu haina namna ya kujua kwamba hizo ndiyo mbili zilikuwa ukarimu.

Hata hivyo siwezi kuwapa wazee ushindi wote. Kipimo chao humpendelea mtiifu. Kijana mwenye maswali mengi, anayepinga ugawaji wa shamba, hutoka barazani na jina baya hata akiwa na haki. Nao huamini damu mno. Waswahili tuna methali mbili za kuhukumu kesi hii: mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Barazani ya kwanza ndiyo husikika zaidi.

Damu ikishavuka ukoo ikafika kabila, huku kwetu imewahi kuua. Serikali ya kikoloni iliipa imani hiyo ya damu daktari wa kuithibitisha. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa Hospitali ya Mathari ya wagonjwa wa akili, aliagizwa kuandika kazi hiyo ikachapishwa Nairobi mwaka 1954: aliwaeleza Wakikuyu kana kwamba kabila zima ni mgonjwa mmoja, wakati maskwota kwa maelfu walikuwa wamekwisha kufukuzwa kwenye mashamba ya walowezi wa Bonde la Ufa. Madai ya ardhi na kazi yaligeuzwa kuwa kasoro ya tabia. Na mwishoni mwa Januari 2008, katika mauaji yaliyofuata uchaguzi, Nakuru na Naivasha watu waliulizwa lugha yao, hawakuulizwa matendo yao.

Hapa ndipo nadharia ya Wamarekani inapotufaa kuliko wazee wetu. Mwaka 2005 Antonio Terracciano, McCrae na wenzao walilinganisha tamaduni 49: watu wanavyodhani taifa lao lilivyo, na sifa zilizopimwa kwa mtu mmoja mmoja. Havikulingana. Tofauti kubwa ziko kati ya mtu na mtu ndani ya kundi lilelile.

Juu ya shahidi, wataalamu wenyewe wamerudi karibu na baraza. Brian Connelly na Deniz Ones walikusanya tafiti nyingi mwaka 2010, wakaonyesha kwamba maelezo ya wanaomfahamu mtu hutabiri utendaji wake kazini vizuri kuliko anavyojieleza mwenyewe. Anayeajiri watu Nakuru basi aiache fomu ya kujisifu, awapigie simu watu watatu waliofanya kazi na mwombaji, aulize alifanya nini siku kazi ilipoharibika, na asilitazame jina la ukoo mpaka amalize kuwasikiliza.